Mwaka Tulipofukuza Ng'ombe

Mahindi ya mbegu ya shangazi yangu yalinuka moshi hata yakiwa chini ya udongo. Aliyafunga maganda kwa maganda, akayatundika juu ya mafiga tangu mavuno, na hapo yalikaa miezi yote ya kiangazi yakila moshi wa kuni na mvuke wa mawese, mpaka punje zikawa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Harufu hiyo ndiyo inayonijia kwanza nikikumbuka bonde la Luiche, kule kusini ya Ujiji ambako mto unatawanyika na kujiamulia njia kabla ya kuingia ziwani. Moshi huzuia wadudu, hilo sibishi. Lakini shangazi aliamini kwamba huzuia panya pia, kwa sababu panya akinusa moshi hudhani moto unakuja na kukimbia. Ulikuwa ushahidi wa kwanza nilioupata maishani kwamba watu wakipanga mambo ya panya, panya wenyewe huwa hawajaitwa kwenye kikao.

Shangazi aliitwa Bukuru na baba yangu aliitwa Butoyi. Kwa Waha majina hayo hayana mjadala: pacha anayetangulia kutoka ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na anayefuata atasikia habari hiyo mpaka siku ya kufa. Babu aliwaachia shamba moja bila kusema nani achukue upande upi. Baba alikuwa na duka Gungu, mtaa wa mjini, akaona shamba halimhusu. Shangazi aliporudi kutoka kwenye ndoa iliyomshinda, akaingia shambani na jembe, akajenga nyumba ya vyumba viwili pembeni, na baba akaona ghafla kwamba shamba linamhusu sana. Palikuwa na mtu anayetafuta udongo wa kufyatulia matofali, na udongo wa pale ulikuwa mzuri. Ndugu hao wakavutana, mwishowe wakakubaliana hivi: msimu unaokuja shamba likijaza ghala, Bukuru abaki, lisipojaza, shamba liende kwenye matofali na yeye ahamie Gungu, kwenye chumba cha nyuma ya duka, amsaidie mama kulea. Shangazi alikijua chumba hicho. Kilikuwa na mifuko ya saruji na dirisha linalotazama ukuta.

Mama alikuwa amejifungua, nyumba imejaa, kwa hiyo nikapelekwa bondeni msimu mzima na kuhamishiwa shule ya upande ule. Hiyo ndiyo sababu iliyotajwa. Sababu nyingine baba aliniambia akinipakia kwenye baiskeli: "Wewe unapenda kuhesabu. Utanihesabia mahindi." Ni kweli nilikuwa mtoto wa kuhesabu kila kitu mara mbili, mara ya kwanza nijue, mara ya pili niamini. Shangazi alinipokea, akaitikia shikamoo yangu, akanitazama toka unyayo hadi utosi, akasema, "Karibu, karani wa Butoyi. Hapa kwangu anayehesabu ndiye anayepalilia." Akanipa jembe.

Ili mambo yaeleweke, lazima nieleze malisho. Kati ya mashamba yetu na mto palikuwa na uwanda wa nyasi ambao haukuwa wa mtu, na kwa miaka kadhaa ulilishwa na ng'ombe wa Mzee Masunga, Msukuma mrefu aliyefika bondeni na kundi lake na kukaa. Nyasi za uwanda huo zilikuwa fupi siku zote, fupi kama kichwa kilichonyolewa juzi. Ukisimama kwenye mchikichi wa shangazi uliweza kumwona panzi akiruka ng'ambo ya pili. Lakini mwaka uliotangulia, ng'ombe waliingia kwenye mahindi yakiwa bado mabichi. Walikula, wakakanyaga, wakalala juu ya walichokibakiza. Wakulima wakaitana kwa mwenyekiti wa kitongoji, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa shangazi yangu, kwa kuwa shamba lake ndilo lililoumia zaidi. Ikaamuliwa kwamba ng'ombe wasikanyage tena uwanda ule, hata kwa kupita. Mzee Masunga akahamisha kundi upande wa juu kwenye mawe, na wakulima wakasherehekea ushindi. Methali inatuambia kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Haituambii fahali wakifukuzwa nyasi hufanya nini.

Nyasi zilinenepa. Mvua zilianza mapema mwaka ule na kwa moyo mkunjufu, na mimi nilipofika uwanda ulikuwa umenifika kifuani, mwezi mmoja baadaye ulikuwa umenimeza. Tulikwenda humo kutafuta kuni na kuokota mayai ya kanga, na humo ndimo nilipowajua panya kwa aina zao, kama vile mtu anavyowajua majirani kwa mitaa. Ndani kabisa ya nyasi ndefu waliishi panya wa mistari, wadogo, mgongo umechorwa kama shuka la kimasai, na njia zao zilikuwa vichochoro safi chini ya majani, zimefagiliwa kuliko ua wetu. Kwenye michikichi aliishi panya buku, mkubwa, mpole, mashavu yamejaa kokwa za chikichi kama mtu aliyeitwa shahidi akiwa bado anakula. Na pale nyasi zilipokutana na shamba, kwenye ukingo, kwenye udongo uliolimwa, alikuwepo panya shamba. Huyu hana cha kutazamwa. Ana rangi ya vumbi, tumbo jeupe kidogo, wala hana mkia wa kujivunia. Kitu pekee cha ajabu alichonacho ni matiti. Jike lake lina matiti mengi kuliko nguruwe, na hakupewa kwa mapambo. Zamani, ng'ombe walipokuwapo, watu walisema panya shamba walikuwa wachache, kwa sababu ilibidi wavuke ule uwanda mtupu na juu yake mwewe anazunguka. Sasa walikuwa na paa, chakula na uzazi, mambo matatu ambayo hata Gungu watu wengi hawakuwa nayo kwa pamoja.

Tulipanda na mvua ya pili. Shangazi alichimba, mimi nikadondosha punje, akafukia kwa unyayo. Kila jioni nilinuka moshi mikononi. Kisha tukangoja mche utoboe udongo, na badala ya mche tukaona vishimo. Vilikuwa vimechimbwa kwa ustadi, kimoja juu ya kila punje, mstari baada ya mstari, kana kwamba panya walikuwa wamesimama nyuma yetu siku ya kupanda wakaandika. Pembeni ya kila kishimo palikuwa na ganda la punje lililotafunwa moyo wake tu, kiini kile kitamu cha mbegu, sehemu nyingine ikaachwa. Nilihesabu mistari iliyopona. Nikarudia, kama kawaida yangu, na hesabu ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Kuna methali isemayo panya wengi hawachimbi shimo. Aliyeitunga hakuwahi kupanda mahindi Luiche.

Kila mkulima alikuwa na dawa yake. Tulifukia ndoo ardhini hadi mdomoni, tukatia maji nusu, tukalaza juu yake kijiti kilichopakwa mawese kinachozunguka. Panya akikanyaga anatumbukia. Kazi hiyo ilifanikiwa, kila asubuhi ndoo zilikuwa na marehemu, na kila asubuhi vishimo viliongezeka. Mama Sikudhani, jirani yetu wa mpakani, mwanamke asiyeweza kuona jeraha bila kulitia ndimu, alituazima paka wake. Paka huyo alifanya kazi siku ya kwanza kwa juhudi, siku ya pili kwa kiasi, na kuanzia ya tatu akalala chini ya mchikichi akiwaangalia panya wakipita, kama askari ambaye tayari amekula. Sumu shangazi aliikataa kwa sababu ya kuku.

Ndipo mwenyekiti akaitisha msaragambo. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema, na kitongoji kizima kikatoka na mafyekeo kwenda kuufyeka uwanda wote kwa siku moja. Wanawake walipika ugali na maharage, na kwa kuwa shamba letu ndilo lililokuwa na kivuli na kisima, sufuria ziliwekwa kwetu, chini ya mchikichi. Swali likawa waanzie wapi. Hakuna aliyeuliza. Wakaanzia mtoni, kwa sababu mtu akifyeka kuelekea kwenye chakula hufyeka kwa moyo. Akifyeka kukiacha mgongoni hugeuka geuka. Walipanga mstari mmoja mrefu, wakaja huku wakiimba, mafyekeo yakiwaka juani, na mbele yao nyasi zilitikisika kama maji mbele ya mtumbwi. Mtu mmoja akapiga kelele kwa Kiha, "Imbeba!" yaani panya, na wote wakacheka, kwa sababu sasa walionekana wazi, mamia, wa mistari na wa vumbi pamoja, wakikimbia kwa kasi kuelekea kwetu. Watoto tukashika fimbo. Watu wazima wakashangilia. Niliwaona wakishangilia, na nilikuwa nimesimama ndani ya shamba la shangazi, nikiwatazama panya wa uwanda mzima wakipita katikati ya miguu yangu kuingia kwenye mistari tuliyokuwa tumeipanda upya wiki ile. Halafu watu wakanawa, wakala, wakamshukuru shangazi kwa maharage yake, wakaenda nyumbani.

Upandaji wa pili uliisha kwa siku chache. Panya wa mistari hawakukaa, udongo mtupu si kwao, walitawanyika na wengi wakaishia kwa mwewe. Lakini panya shamba alikuwa amefikishwa alikotaka kwenda, na kwa kusindikizwa. Juu ya mafiga palibaki fungu moja la mbegu. Shangazi alilitazama jioni nzima akikoroga ugali, akasema bila kunigeukia, "Karani, baba yako atakuja lini?" Nikasema mavuno. Akasema, "Basi hili fungu halipandwi mpaka nizungumze na mwizi."

Tulimkuta Mzee Masunga kwenye mawe ya juu, ng'ombe wake wamekonda, wanalamba lamba vichaka. Shangazi alimwamkia, akakaa juu ya jiwe kabla ya kukaribishwa.

"Mama Bukuru," alisema yule mzee, "mwaka jana uliniita mwizi mbele ya watu."

"Sikukuita mwizi. Nilisema ng'ombe wako ni wezi. Wewe nilikuita mzembe."

"Na leo wezi wanatafutwa?"

"Wanatafutwa kwa masharti."

Masharti yalikuwa haya. Nyasi zilizofyekwa zingeota tena upesi kwa mvua ile, na zikiota kila kitu kingerudi pale pale. Alitaka ng'ombe waule uwanda, kuanzia ukanda ulioshikana na mashamba, waushushe mpaka uwe kipara, wachungwe na watu wazima, wasiguse hata jani la mtu. Mzee Masunga alisikiliza akichokonoa jino. Akasema yeye hakufukuzwa na mama Bukuru peke yake, alifukuzwa na kikao, kwa hiyo kama wanamtaka wamwite kwa kikao, na aliyepiga kelele kumtoa apige kelele kumrudisha. Sauti ile ile, alisema, hata kama ni ya kukwaruza. Nilimwona shangazi akimeza kitu kisichokuwepo mdomoni. Kisha akasema sawa.

Kikao kilifanyika nje kwa mwenyekiti, watu wamekaa kwenye magogo. Shangazi alisimama, akaeleza. Hakufika mbali kabla Mama Sikudhani hajainua mkono.

"Bukuru, si wewe uliyesema ukiuona ukwato pale bondeni utauchemsha supu?"

"Mimi."

"Mbona hatujaonja hiyo supu?"

"Nilikosa chumvi, shoga yangu. Yote umemaliza wewe kuyatia maneno yako."

Watu wakacheka, na kicheko kilisaidia, kwa maana kila mmoja pale alikuwa na vishimo shambani kwake na hakutaka kuwa wa kwanza kusema. Wakakubali. Kisha Mzee Masunga akauliza, mbele ya wote, yeye anapata nini kwa ng'ombe wake kufanya kazi ya kinyozi. Akaomba mabua ya shamba la shangazi baada ya mavuno. Mimi niliona ni bei ya haki. Lakini shangazi yangu, aliyejua kubishana hadi juu ya punje ya chumvi, akainua sauti akasema, "Chukua ya mwaka huu. Na ya mwakani chukua. Na ya mwaka wa tatu." Nikamvuta kanga. Hakuna mtu anayepatana namna hiyo. Umeombwa kimoja, unatoa vitatu? Akaupiga mkono wangu kidogo. Mwenyekiti akawauliza watu kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, nikiamini shangazi yangu amechoka akili.

Ng'ombe walishuka. Sauti yao ya kung'oa nyasi ilikuwa ya utulivu, kama mtu anayechana kitambaa polepole chumba cha pili. Ukanda ukarudi kuwa kichwa kilichonyolewa, vichochoro vya panya vikabaki uchi, mwewe wakarudi kwenye zamu, na kila panya aliyetaka kuja kwetu kutoka mtoni alipaswa kuvuka uwanja mtupu na maisha yake mkononi. Wale waliokuwa tayari shambani tuliendelea nao kwa ndoo. Katika siku hizo mvua kubwa ilinyesha pia mfululizo, mashimo yakajaa maji. Basi mahindi ya tatu yalipoota, shangazi alisema ni ndoo zake, Masunga akasema ni ng'ombe wake, mwenyekiti akasema ni uongozi bora, na mchungaji wa kanisa akaitaja mvua. Mimi nilimgawia kila mmoja fungu lake la sifa, mafungu madogo madogo, nikabakiza kidogo kwa ajili ya panya wenyewe, ambao pengine walikwisha kula wakashiba. Sijasema ng'ombe ni dawa. Ng'ombe hao hao walikuwa ugonjwa mwaka mmoja nyuma yake. Nasema tu kwamba pale bondeni urefu wa nyasi ndio uliokuwa ukipanga nani akae wapi, na sisi tulikuwa tumeubadilisha bila kuuliza nani anasubiri nyumba.

Baba alikuja siku za mavuno, na baiskeli, na mwenye matofali nyuma yake na baiskeli yake. Alichungulia ghala. Halikujaa, lilifika kiunoni, kwa kuwa tulipanda kwa kuchelewa na mbegu ilikuwa fungu moja. Aligeuka taratibu, kama mtu asiyependa anachotaka kusema lakini amekifanyia mazoezi njiani.

"Bukuru, tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

"Basi shamba nalichukua."

"Chukua, mdogo wangu. Mabua tu ndiyo siwezi kukupa."

"Mabua ya nini? Nani anataka mabua?"

Mzee Masunga, aliyekuwa amesimama kwenye ukanda na kundi lake akisubiri zamu, akakohoa. "Mimi, ndugu. Haya. Na ya mwakani. Na ya mwaka ule mwingine. Nimeahidiwa kwenye kikao."

"Na mabua," akasema shangazi, "hayaoti kwenye tanuri la matofali."

Baba alimtazama mwenye matofali, mwenye matofali akatazama ng'ombe, ambao walikuwa wengi na wana njaa, akatazama na wachungaji. Akasema atarudi siku nyingine. Sijamwona mpaka leo. Kuvunja ahadi iliyosikiwa na kitongoji kizima lilikuwa jambo ambalo baba, mtu wa duka anayeishi kwa jina, asingeweza kulifanya na bado akauza sukari kwa watu wale wale. Akanigeukia mimi.

"Ulikuwepo kwenye hicho kikao?"

"Nilikuwepo, baba."

"Mbona hukunitumia habari?"

"Uliniambia nihesabu mahindi."

Shangazi alilazimika kuingia ndani ili acheke. Baba alikaa chini ya mchikichi, akala maharage, akaondoka jioni na nusu gunia alilopewa bila kuomba. Kabla ya mwaka wa tatu kuisha, mabua yalikuwa yameahidiwa kwa miaka mingine mitatu mbele, kwenye kikao, kwa sauti ile ile. Mimi leo nauza nafaka Ujiji na naishi kwa kupatana, na bado sijamwona mtu aliyenunua kitu kikubwa vile kwa takataka za shamba.

Sasa uwanda haupo. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, upande wa mtoni uligeuka tope na matete, na upande wa juu umejengwa nyumba za bati hadi kwenye mpaka wetu. Ng'ombe hawapiti, wangepita wapi? Panya wapo, tena wengi, lakini ni wa aina moja, wale wa darini, weusi, wanaokula sabuni na nyaya, na kijana mwenye kipaza sauti hupita na bodaboda akiwauzia watu dawa yao. Wajukuu nikiwaambia kuhusu panya mwenye mistari wanadhani nawatungia. Zamani tulikuwa na maadui wa kila namna na kila mmoja alikuwa na mtaa wake. Ukibadilisha nyasi unajua nani atahama. Siku hizi hatubadilishi nyasi, tunabadilisha bati, na anayehamia ni yule yule. Siwezi kusema nini ni bora. Mahindi yanaota kwa upandaji mmoja, hilo ni faida, nimelihesabu mara mbili.

Shangazi Bukuru yupo, mzee, mkaidi, analima kidogo kidogo. Baba alitangulia, safari hii Butoyi amekuwa wa kwanza, na kwa wosia wake mwenyewe tulimzika upande wa juu wa shamba, mahali ambapo sasa hakuna anayeweza kupauza wala kupachimba udongo. Kila msimu shangazi hulima mpaka ukingoni mwa kaburi, husimama, hunyoosha mgongo, akageuza jembe. Mapacha wale bado wana shamba moja, mmoja juu ya udongo, mmoja chini yake, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe hawabishani mpaka uko wapi.